Puto la Risasi: Safari ya Jina la Led Zeppelin

Jina la bendi ya Led Zeppelin lina maneno mawili, na kila moja lina kasoro yake. La kwanza limeandikwa vibaya kwa makusudi. La pili ni jina la ukoo wa watu ambao hawakuombwa ruhusa. Kwa Kiswahili tungesema “zepelini ya risasi”: meli ya angani iliyoundwa kwa madini ya risasi, chombo kizito kama nanga kisichoweza kuinuka ardhini hata kwa dua. Maelezo yaliyozoeleka huishia hapo. Tunaambiwa ni fumbo la uzito na wepesi, nalo liliifaa bendi iliyoweza, katika santuri moja, kupiga gitaa la umeme lenye kishindo na gitaa la kawaida lenye sauti ya upole. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaliruka swali lililo gumu zaidi. Kama kilichotakiwa ni kitu chepesi cha kubebeshwa mzigo, unyoya ungetosha, kipepeo angetosha, na puto la watoto lingetosha kuliko vyote. Kwa nini zepelini? Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba uzito wa jina hili hautoki kwenye risasi. Unatoka kwenye neno la pili, ambalo kabla ya kufika kwenye jalada la santuri mwaka 1969 lilikuwa limeshakuwa jina la fahari, kisha la hofu, kisha la msiba, na mwisho la mzaha.

Fahari ilianzia kusini mwa Ujerumani, kwenye ziwa Bodensee. Ferdinand von Zeppelin, ofisa mstaafu wa jeshi la farasi mwenye cheo cha kikabaila cha Graf, aliirusha meli yake ya kwanza ya angani tarehe 2 Julai 1900, akikaribia kutimiza miaka 62. Ilikuwa na kiunzi cha alumini kilichovikwa kitambaa, na ndani yake mifuko iliyojaa hidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote na inayoshika moto upesi kuliko mafuta ya taa. Kwa miaka kadhaa wengi walimwona kama mzee aliyeshikwa na kichaa cha kuruka. Kilichombadilishia sifa ni ajali. Tarehe 5 Agosti 1908 meli yake ya nne, LZ 4, ilikuwa imetua Echterdingen, karibu na Stuttgart, ili injini itengenezwe. Dhoruba ikaing'oa, ikaanguka na kuteketea mbele ya umati. Badala ya kumcheka, Wajerumani walianza kumchangia, na michango ikapita mark milioni 6. David Lloyd George, aliyekuwa waziri wa fedha wa Uingereza, alikuwa ziarani Ujerumani siku hizo. Alifika uwanjani pale na kushuhudia majonzi yakigeuka kuwa uzalendo. Jambo hili tulishike mapema kwa sababu litarudi: tangu mwanzo, zepelini haikupata umaarufu kwa kupaa tu. Iliupata pia kwa kuungua hadharani.

Mwaka huohuo wa 1908 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha riwaya ya The War in the Air, ambamo meli za angani za Kijerumani zinaushambulia mji wa New York. Vita halisi vilipokuja, walioshambuliwa ni watu wa nchi yake mwenyewe. Tarehe 19 Januari 1915 zepelini zilidondosha mabomu Great Yarmouth na King's Lynn. Tarehe 31 Mei ikawa zamu ya London. Hadi vita kwisha, mashambulizi ya meli hizo yalikuwa yameua watu zaidi ya 500 nchini Uingereza. Ukilinganisha na waliokufa kwenye mahandaki ya Ufaransa, idadi hiyo ni ndogo, lakini hofu haihesabiwi kwa maiti. Kwa karne nyingi Waingereza waliichukulia bahari kuwa ukuta wao. Sasa adui alipita juu ya ukuta usiku, taratibu, akisikika kabla ya kuonekana. Neno likaingia katika kila nyumba, na likapanuka. Chombo kilichotunguliwa na Luteni William Leefe Robinson huko Cuffley karibu na London, usiku wa kuamkia tarehe 3 Septemba 1916, hakikuwa zepelini hata kidogo: kilikuwa SL 11 ya kampuni ya Schütte-Lanz, chenye kiunzi cha mbao. Waingereza walikiita zepelini vilevile, kama sisi tunavyoita dawa yoyote ya viatu kiwi. Watu wa London walishangilia mitaani huku wanaume 16 wakiteketea angani. Baadaye Msalaba Mwekundu uliuza vipande vidogo vya waya kutoka kwenye mabaki ili kuchangisha fedha. Kitu kilichowanyima watu usingizi kikawa kumbukumbu ya kuwekwa kwenye droo na kuonyeshwa wageni. Hapo ndipo neno lilipoanza kuelekea kwenye mzaha, nusu karne kabla ya bendi kuwepo.

Msiba ulikuja wakati wa amani. Mwaka 1929 meli iliyoitwa Graf Zeppelin iliizunguka dunia, na neno likaanza kurudisha heshima yake. Sasa liliashiria abiria wenye fedha, meza zenye vitambaa vyeupe, na safari ya kuvuka Atlantiki bila kichefuchefu cha mawimbi. Kisha ikaja Hindenburg, yenye urefu wa mita 245 na alama ya swastika kwenye mapezi ya mkia. Marekani, iliyokuwa na karibu heliamu yote iliyozalishwa duniani, haikuwauzia Wajerumani gesi hiyo isiyoshika moto, kwa hiyo meli ilijazwa hidrojeni. Tarehe 6 Mei 1937, ikijiandaa kutua Lakehurst, New Jersey, iliwaka na kuanguka katika muda usiofika dakika moja. Walikufa watu 36, mmoja wao akiwa ardhini. Kati ya 97 waliokuwemo, 62 walinusurika. Kulikuwa na ajali za meli za baharini zilizoua watu wengi zaidi ya hao, lakini hii ilitokea mbele ya kamera zilizokuwa tayari, na picha aliyoipiga Sam Shere ikaenea dunia nzima: mkia unazama ndani ya moto, pua imeelekea juu, mlingoti wa kufungia umesimama mbele yake. Mwaka 1940 Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, aliamuru zepelini zilizobaki zikatwe ili alumini yake ikatengeneze ndege za kivita. Neno likabaki yatima. Hakukuwa tena na chombo chochote angani cha kulisahihisha kwa kuruka salama. Kilichosalia ni picha moja ya moto.

Katika hali hiyo ndipo mzaha ulipozaliwa. Mei 1966, jijini London, mpiga gitaa Jimmy Page alishiriki kurekodi “Beck's Bolero” pamoja na mpiga gitaa mwenzake Jeff Beck, mpiga besi John Paul Jones na mpiga ngoma wa bendi ya The Who, Keith Moon. Likazuka wazo la kuunda bendi moja ya vigogo hao. Anayetajwa kutoa utani maarufu ni Moon, ingawa mwenzake wa The Who, mpiga besi John Entwistle, naye alidai kuwa ni wake: bendi hiyo ingeanguka kama zepelini ya risasi. Waingereza wana msemo kwamba jambo lililododa mbele ya watu limeanguka kama puto la risasi. Aliyetania aliliondoa puto na kuweka zepelini, na tofauti yake ni kubwa. Puto la risasi haliendi popote. Linakaa pale pale lilipowekwa, basi. Zepelini ikianguka watu hukusanyika, hupiga kelele, hupiga picha. Utani wa kawaida ulisema “tutadoda”. Utani uliorekebishwa ulisema “tutadoda kwa kishindo kiasi kwamba hamtasahau”. Maana hiyo ya pili haipatikani bila Echterdingen, Cuffley na Lakehurst nyuma yake. Wazo la 1966 halikutimia, lakini Page aliukumbuka utani huo miaka miwili baadaye. Bendi yake ya Yardbirds ilikuwa imesambaratika; yeye na Jones, pamoja na mwimbaji Robert Plant na mpiga ngoma John Bonham, walizunguka Skandinavia Septemba 1968 wakitumia jina la zamani lililotiwa viraka, New Yardbirds. Msimu wa vuli wa mwaka huo likazinduliwa jina jipya.

Kabla ya kuzinduliwa, jina hilo lilikatwa herufi moja. Kwa Kiingereza madini ya risasi huandikwa lead, na herufi hizo hizo zinaweza pia kusomwa “liid”, yaani kuongoza. Page na meneja wao Peter Grant hawakutaka Wamarekani walitamke hivyo, wakaiondoa a. Kwa msomaji wa Kiswahili, ambaye huisoma herufi kama ilivyo, “Led” halina utata. Kwa Mwingereza, mabadiliko hayo yalikuwa na tokeo ambalo halikutajwa: sikio liliendelea kuisikia risasi, lakini jicho halikuiona tena. Mtu aliyeshika santuri dukani aliona silabi moja ngeni kidogo na karibu nayo neno moja refu alilolijua tangu utotoni. Kama jina lilikuwa kweli fumbo la uzito na wepesi, basi waliolibuni waliuficha uzito na kuiacha meli peke yake kwenye jalada.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni rahisi na lina nguvu: ulikuwa utani tu, na hakuna aliyekuwa akiwaza historia. Vijana wa miaka 20 hawakuketi kujadili mashambulizi ya 1915. Nakubali. Lakini utani ndio ushahidi bora wa historia ambayo watu hawahitaji kuielezana, maana unaoeleweka papo hapo unategemea kile ambacho wote wanakijua tayari. Na walipolazimika kuchagua picha, hawakuchagua pipa la risasi wala mzani. Albamu ya kwanza, iliyotoka Januari 1969, ina mchoro wa George Hardie uliotokana na picha ya Sam Shere: Hindenburg inaungua, imechorwa kwa vitone vyeusi vya wino, pua ikipenya kuelekea kona ya jalada. Ukiitazama kwa karibu unaona vitone vingi vidogo kama mchanga. Ukirudi nyuma hatua mbili, vifo 36 vinajitokeza. Mtu anaweza kudai kwamba neno zepelini liliteuliwa kwa sauti yake tu. Hawezi kudai hivyo kuhusu picha hiyo. Nayo inajibu pia wale wanaosema kwamba Wamarekani, walionunua santuri nyingi zaidi, hawakuwahi kuhofia zepelini za Kaiser, mfalme wa Ujerumani. Kweli hawakuzihofia. Wao walikuwa na Lakehurst, iliyotokea kwenye ardhi yao na kurudiwa kwenye filamu za habari. Jina moja likagusa kovu tofauti kila upande wa bahari.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanaoijua miaka ile vizuri. Kuunganisha vitu vinavyopingana, wanasema, ilikuwa fasheni ya majina ya bendi. Iron Butterfly, kipepeo wa chuma, iliundwa San Diego mwaka 1966, na Led Zeppelin ilifuata njia hiyo hiyo. Muundo wa majina hayo unafanana kweli, ila ufanano unaishia hapo. Kipepeo wa chuma ni kiumbe wa kubuni. Hana makaburi, hana jamaa, wala hakuna mtu aliyewahi kulala chini ya meza kwa kumwogopa. Mtu akisema “kipepeo wa chuma” anatakiwa afikirie. Akisema “zepelini” anatakiwa akumbuke. Bendi nyingi zilizofuata fasheni hiyo leo zinasikika kama vitendawili vya vijana wa wakati wao, ilhali Led Zeppelin halisikiki hivyo, na sababu si muziki peke yake.

Ushahidi kwamba jina lilikuwa bado na wenyewe ulijitokeza Denmark. Eva von Zeppelin, wa ukoo wa yule Graf, aliona ni fedheha kwa jina la familia yake kubebwa na vijana wenye nywele ndefu na kelele, akatishia kwenda mahakamani iwapo wangelitumia jina hilo Copenhagen. Picha ya meli inayoungua haikumpunguzia hasira. Tarehe 28 Februari 1970 bendi ilipanda jukwaani mjini humo kwa jina la The Nobs, neno la mtaani ambalo Waingereza hulitumia kuwakejeli makabaila. Tukio hili husimuliwa kama kichekesho, na kweli linachekesha, lakini kwa hoja yetu lina thamani kubwa. Yeye alilisikia jina kama fahari ya mwaka 1908, wakati wao walilisikia kama mzaha wa mwaka 1966, na wote wawili walikuwa sahihi. Jina la mtu likishageuka kuwa jina la kitu, familia hubaki na hati ya kuzaliwa tu. Maana huchukuliwa na umma, na umma hauirudishi.

Pingamizi la tatu linatokana na mwenendo wa bendi yenyewe. Novemba 1971 walitoa albamu ya nne bila kichwa, na bila jina la bendi kwenye jalada. Palikuwa na alama nne za wanabendi wanne ndani ya kazi hiyo, na nje picha tu. Walitaka kuonyesha kwamba muziki utajiuza wenyewe, na ulijiuza. Je, hilo halithibitishi kwamba jina ni gamba tu la kutupwa? Lingethibitisha kama wasikilizaji wangekubali. Hawakukubali. Waliiita albamu hiyo Led Zeppelin IV, na ndivyo inavyoitwa hadi leo. Jina ambalo wenye bendi wenyewe hawakuweza kulivua halikuwa mali yao peke yao. Bonham alipofariki tarehe 25 Septemba 1980 na wenzake wakaamua kuivunja bendi, waliobaki hawakudhani kwamba wangeweza kumweka mtu mwingine na kuendelea kuliita jina hilo kama kawaida.

Limebaki swali ambalo msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuliuliza: hayo ni makovu ya Ulaya na Marekani, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kuliko tunavyodhani. Tarehe 21 Novemba 1917 zepelini L 59, chini ya Kapteni Ludwig Bockholt, iliondoka Jamboli, Bulgaria, kuelekea Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ilibeba takribani tani 15 za shehena, zikiwemo dawa, bunduki za rashasha na risasi zaidi ya 300,000, kwa ajili ya jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lililokuwa limesukumwa hadi nyanda za Makonde. Haikutarajiwa kurudi. Kitambaa chake kilipangwa kuwa mahema na nguo, kiunzi kuwa mlingoti wa redio, na ngozi iliyotandikwa kwenye njia ya mabaharia kuwa viatu. Ilivuka Mediterania na jangwa la Misri, na tarehe 23, ikiwa magharibi ya Khartoum, ikapokea amri kwa redio irudi: Waingereza walikuwa wanaitwaa sehemu iliyokusudiwa kutua. Ilifika Jamboli tarehe 25 baada ya saa 95 na kilomita zaidi ya 6,700 bila kutua. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck aliuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Aprili 1918 L 59 iliteketea juu ya bahari karibu na Italia na kuua wote waliokuwemo.

Vita hivyo hivyo vilituachia jina ambalo tunalitaja kila siku bila kulisikia. Kariakoo ya Dar es Salaam, sawa na Kariokor ya Nairobi, inatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa shehena za jeshi la Waingereza. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa na maradhi katika kampeni hiyo. Anayekwenda Kariakoo kununua nyanya hawazi mzigo kichwani mwa mpagazi wa mwaka 1917, kama ambavyo kijana aliyenunua santuri mwaka 1969 hakuwaza waya wa SL 11. Asiyewaza hajalifuta jina, analibeba tu bila kuulizwa, na siku atakapouliza litamjibu. Na Kiswahili kina jibu ambalo Kiingereza hakina. Kwetu risasi ni madini, na risasi pia ni kile kinachotoka mdomoni mwa bunduki. Utani wa London ulidhani kwamba zepelini ya risasi ni kitu kisichowezekana, na kwa hiyo kinachekesha. Kwa lugha yetu iliwahi kuwepo: ilijazwa risasi Bulgaria, ikaruka siku nne mchana na usiku kutuelekea sisi na kurudi, na haikuanguka njiani.